Eunike binti Sumari, Aliyewapamba Maharusi kwa Matunda ya Mwituni

Ndugu waombolezaji, wazee wetu wa Akheri, na ninyi mliovuka mto Themi kabla ya kupambazuka ili mje kutushika mkono, familia ya Mzee Sumari na ya mkwe wake Kaanaeli inawaomba mkae kidogo, tumtaje mtu wetu kwa utaratibu, tangu alipoingia duniani hata Bwana alipomwita.

Marehemu Eunike alizaliwa hapa Akheri, katika migomba ya baba yake, Mzee Sumari, akiwa mtoto wa kwanza, na siku yake haikuandikwa popote kwa kuwa wakati ule hapakuwa na wa kuandika, ila mama yake alikumbuka kwamba ilikuwa masika yenye mvua nyingi, na wazee wamekadiria kuwa ni mwaka wa 1888. Mwaka wa 1896, askari wa Wadachi walipopanda mlimani wakikata migomba na kuchoma nyumba, mama yake alimfunga mdogo wake Marta mgongoni, akamshika Eunike mkono, wakakimbilia msituni, wakaishi huko kwa kula walichokikuta mitini. Huko ndiko Eunike alikojifunza tunda lipi hulisha na lipi ni la kutazamwa tu, maana kila aliponyoosha mkono kwenye lisilofaa alichapwa kofi, na alipokuwa mtu mzima alikuwa akisema kwa kicheko kwamba shule yake ya kwanza ilikuwa kiganja cha mama.

Shule ya pili aliianza mwaka wa 1904, katika misheni ya Nkoaranga, akajifunza kusoma, kuandika, kushona na kuimba, akabatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 19 Mei 1907, akapewa jina la Eunike, nalo alilipenda sana, hata ukimwita kwa jina la zamani aliitika kwanza, kisha akakusahihisha.

Mwaka huo huo alianza kazi katika bustani ya mke wa mchungaji, ambaye sote tulimwita Mama Mchungaji. Ilipofika majira ya kungojea Krismasi, Mama Mchungaji alikuwa mnyonge, kwa sababu kwao Ulaya majira hayo husokotwa duara la majani mabichi na matunda mekundu, na mbegu alizokuja nazo zilikuwa zimekataa udongo wetu. Eunike alipanda mlimani alfajiri, akarudi na matawi ya mwangati yenye punje za buluu, akayakunja yakawa duara, akayafunga kwa kamba za mgomba, na mahali pa yale matunda mekundu akachomeka vitawi vya kahawa iliyoiva, akalitundika duara lake juu ya mlango wa kanisa. Mama Mchungaji alilia, lakini kilio kizuri, naye mchungaji alipoiona kahawa yake inaning'inia pale akauliza, "Eunike, kahawa hii tutainywa au tutaiimbia?", akajibiwa, "Leo tuiimbie, Bwana, kesho uikaange."

Tangu siku ile akawa mpambaji wa kanisa na wa maharusi, wa kwanza katika upande wetu huu wa mlima. Wengi wenu mliokaa hapa mlishika shada lake mikononi, na mnakumbuka jinsi lilivyokuwa, dogo, zito, linanukia msitu, likiwa na matunda mekundu na ya manjano na meusi yaliyotokeza kama macho ya watoto nyuma ya mlango. Alikata asubuhi, umande ukingali majanini, akapunguza majani ili matunda yaonekane, akavisimamisha vitawi katika chungu cha maji mahali penye giza, akavibeba kikapuni juu ya kuvumwani mbichi iliyobanduliwa magogoni, na tunda lililolegea alilitoa nyumbani ili lisije likamwangukia bibi harusi miguuni. Alipoulizwa kwa nini hapendi maua alijibu kwamba anayapenda, ila maua husinzia kabla mahubiri hayajaisha, na matunda hukesha mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Zilikuwa siku njema zile, amani imerudi, migomba imesimama tena, na hapakupita mwezi pasipo msichana kuja nyumbani kwake kwa haya akisema, "Dada Eunike, nimeletwa na jambo," naye akimjibu, "Jambo hilo nalijua, kaa, tuchague rangi."

Yeye mwenyewe alifunga ndoa na Kaanaeli, mkulima wa kahawa na migomba wa hapa hapa Akheri, siku ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1909. Wenzake walimkataza kujifungia shada, wakamfungia wao, naye akalivumilia hadi wimbo wa kwanza, kisha akalifungua pale pale kanisani, akalifunga upya, na Kaanaeli akamnong'oneza, "Nikuoe sasa, au umalize kazi kwanza?" Mungu aliwajalia watoto watatu, Ruth aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1910, mwana wa pili aliyefariki mwaka wa 1912 angali mchanga, na Nathanaeli aliyezaliwa tarehe 21 Februari mwaka huu wa 1915.

Katika maisha yake lipo jambo moja ambalo familia haiwezi kulipita, kwa kuwa wageni wetu wa leo wametoka ndani yake. Mdogo wake Marta alichumbiwa na Solomoni, kijana Mkristo wa Kiarusha, mwana wa Mzee Lemburis na Mama Nkasiogi, wafugaji wanaokaa magharibi ya ngome ya Wadachi. Kati ya Wameru na Waarusha yalikuwapo mengi ya zamani, na Mzee Lemburis alikuwa amempoteza ndugu yake wa tumbo moja kwa mshale, katika ugomvi wa ng'ombe na watu wa huku, hivyo alikubali posa ile kwa shida, na kwa kubembelezwa na mkewe. Ndoa ilifungwa Nkoaranga, Jumatano, tarehe 5 Julai 1911, kisha msafara wa kumpeleka bibi harusi ukaondoka, ukalala kwa Wakristo wa Themi, ili asubuhi uingie kwa wakwe.

Mama Nkasiogi alikuwa ametuma neno, kwamba mkwe wake aingie akiwa ameshika matawi ya olamuriaki, mti ambao matunda yake huwalisha watoto wao machungani na ambao kwao ni mti wa heri. Eunike hakuwahi kuuona, kwa sababu ni mti wa nchi kavu, na sisi tunakaa kwenye unyevu, basi akauliza, akaambiwa majani yake yanang'aa, maua ni meupe yenye harufu, matunda huanza mekundu yakaishia meusi, na una miiba mirefu. Alfajiri akaingia vichakani ng'ambo ya Themi, Ruth akiwa mgongoni, akauona mti wenye majani yanayong'aa na matunda mekundu mazuri kuliko yote aliyowahi kukata, akaupapasa kutafuta miiba, hakuipata, akafurahi, akamrudia mdogo wake akisema, "Tazama, Marta, Mungu ameuvua miiba kwa ajili ya mikono yako."

Walipofika langoni wanawake wa ndani walikuwa wakiimba, Mzee Lemburis akatoka na fimbo yake kuwapokea, macho yake yakashuka kwenye shada, na wimbo ukakatika. Ule haukuwa olamuriaki, ulikuwa olmorijoi, mti unaofanana nao kama pacha, ila hauna miiba, na ndio unaochemshwa kupata sumu ya mishale. Mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Mmekuja arusi, au mmekuja kumalizia kazi mliyoianza kwa ndugu yangu?", akaamuru matawi ya miiba yavutwe, lango likafungwa.

Marta akabaki nje. Kwa desturi ya huko bibi harusi akiisha kuondoka kwao hageuki kutazama nyuma, na kwa sheria ya kanisa alikuwa tayari mke wa mtu, kwa hiyo mbele hapakuwa na nyumba na nyuma hapakuwa na njia, naye alisimama machozi yakimtoka bila kujifuta, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika lile shada. Solomoni alimsihi baba yake, hakusikilizwa. Shangazi mmoja wa upande wetu akaanza kusema kwa sauti, "Twendeni zetu, hawa watu wa ng'ombe hawajui mgeni," na mwingine akalia kwamba laiti wangekuwa na jani la isale, ambalo Mmeru akiliinua kuomba radhi halikataliwi, lakini isale lililokuwa karibu lilikuwa Akheri, mwendo wa siku nzima.

Eunike alimpokonya Marta shada, akaenda kuliweka mbali na njia ya ng'ombe na watoto, akanawa kwa maji ya kibuyu, akamnawisha na Marta, kisha akapiga magoti mbele ya lango. Alikuwa amesikia kwamba Waarusha hushika majani mabichi ya ardhini pale ambapo sisi hushika isale, na kwamba mwenye kuyashika hapigwi, basi akayakamata kwa mikono miwili akavuta, na kwa vile ulikuwa Julai na nchi imekauka, yakang'oka pamoja na mizizi na bonge la udongo, vumbi likamfunika yeye na mtoto mgongoni, Ruth akapiga chafya. Nyuma ya miiba Mama Nkasiogi akashindwa kujizuia, akasema, "Binti, majani tunashika, hatulimi!", na wanawake wote wa ndani wakacheka.

Mzee Lemburis hakucheka. Alimwuliza Eunike ni nani aliyemtuma kuuchagua mti ule, naye akajibu, "Hakuna, baba, ni mikono yangu. Nilitafuta olamuriaki, nikaona huu hauna miiba, nikafikiri ni huruma ya Mungu kwa mdogo wangu. Nirudishe mimi, yeye mpokee." Mzee akasema, "Mti mwema wa kwetu huchoma kwanza, ndipo hulisha," na Mama Nkasiogi akadakia, "Kama mume wangu," hapo hata mzee akaangalia chini ili meno yasionekane. Mama Nkasiogi akapita pembeni ya lango, akavunja olamuriaki kwa mkono wake mwenyewe, akarudi damu ikimtoka kidoleni, akampa Marta, na Mzee Lemburis akavuta ile miiba yeye mwenyewe, akamnyunyizia maziwa, akamwita mwanangu.

Tangu siku ile Eunike alimwita Mama Nkasiogi yeyo, yaani mama kwa lugha yao, akawa anashuka kwake kila kiangazi kujifunza miti ya nchi kavu, naye yeyo alipanda Akheri na maziwa ya mgando, akirudi na ndizi na maneno ya kumchekesha mzee. Kila bibi harusi aliyepambwa naye baadaye aliulizwa kwanza anakwenda kuolewa kwa nani, na wazee wa huko wanapenda mti gani, ndipo kisu kikatolewa.

Vita ilipoanza mwaka jana arusi zilipungua, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, dawa zikawa haba. Eunike alimzaa Nathanaeli salama, lakini siku chache baadaye akashikwa na homa, akatibiwa, ikapungua, ikarudi kwa nguvu, maziwa yakamkauka. Mtoto alipewa uji mwepesi na maziwa ya mbuzi, akawa anakonda, na mama yake akimsikia analia alikuwa akigeukia ukuta. Kaanaeli akatuma habari kwa Marta, ambaye naye ana mtoto wa kunyonya, na aliyekuja naye si Solomoni, kwa kuwa yuko vitani na wapagazi, bali Mzee Lemburis, kwa miguu, mzee wa umri ule, ambaye desturi ya watu wake ni kukaa mbali na nyumba yenye mauti. Aliinama akaingia, akaketi karibu na kitanda, akasema, "Eunike, nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Kwangu kuna titi na kuna ng'ombe. Akikua na kuijua njia, atarudi kwa baba yake." Eunike akamtazama Kaanaeli, Kaanaeli akaitikia kwa kichwa, Marta akampakata mtoto akamnyonyesha pale pale mbele ya dada yake, na wote waliokuwa chumbani walisikia jinsi alivyokuwa akimeza. Eunike alilala usiku ule bila kuweweseka, na asubuhi ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1915, kengele ya kwanza ikilia, akaaga dunia.

Familia inamshukuru daktari wa Kidachi aliyekuja mara mbili ingawa aliitwa na majeruhi, Mama Mchungaji aliyekesha na mgonjwa, majirani wa Akheri walioleta kuni, maji na ndizi bila kuombwa, waimbaji wenzake wa Nkoaranga, na wanawake aliokuwa akipamba nao kanisa. Tunawashukuru Mzee Lemburis na yeyo Nkasiogi, walioketi leo mbele pamoja na wafiwa, kwa kuwa ndio mahali pao. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Pumzika kwa amani, Mama Ruth. Mtoto amenyonya, ameshiba, amelala mgongoni kwa Marta.