Mwalimu Gasto na Uwanja Uliozidi Mita Thelathini na Mbili

Aibu yenu, walimu. Mwalimu Gasto anaondoka leo, fomu ya mashindano ya mkoa iko mezani kwa mkuu wa shule tangu wiki iliyopita, na pale panapotakiwa jina la mwalimu wa riadha pako wazi. Mmoja ana kifua, mwingine ana masomo ya jioni, mwingine eti mke wake amesafiri. Bila jina hilo Ghati wa kidato cha pili haendi Musoma, na fomu inaondoka kesho asubuhi. Nimeambiwa mimi mpishi niandike habari za mstaafu kwa sababu ndimi niliyekaa naye kuliko wote. Nitaandika. Kuwapaka mafuta sitaweza, nimechoka.

Mwalimu Gasto amefundisha Hisabati katika shule hii miaka thelathini na moja na miezi minne. Anastaafu leo, tarehe 14 Mei, akiwa na miaka sitini, goti moja bovu na saa ya kupimia mbio ambayo kioo chake kimeshikwa na gundi. Alikuja kutoka Bukoba na sanduku moja, akasema atakaa miaka miwili. Wavulana walimjaribu kama wanavyowajaribu wageni wote. Hakupiga kelele. Aliwakimbiza mpaka mtoni na kurudi, akafika wa kwanza, kisha akaandika hesabu ubaoni.

Hapakuwa na uwanja wakati ule, palikuwa na malisho. Mwaka 1999 akaazima tepu ya fundi mwashi, akapima mita hamsini kwenye kamba, akafunga fundo kila upande, akaiacha jikoni kwangu. Kesho yake akaizungusha mara nane, akasema hizo ni mita mia nne. Mistari akaichora kwa majivu ya mafiga yangu, na mpaka leo anaichora hivyo kila Jumatatu.

Katika uwanja huo alitokea Rani. Jina lake kamili ni Ragnhild, mtoto wa Mnorwe aliyekuwa akichimba visima huku Issenye, na sisi midomo yetu iliishia Rani. Alikuja mwaka 2012 ana miaka kumi na minne, mrefu, mwekundu kwa jua, na siku ya kwanza wasichana wote walimwacha. Wakamwimbia, "Mzungu, hata ng'ombe wanakupita!" Akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Basi ng'ombe waende Musoma." Mwalimu Gasto akacheka, akamwambia, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa usije tena." Kesho yake nilimkuta uwanjani kabla sijawasha moto.

Miaka miwili alikimbia pale akijiona mzito. Mizunguko miwili ilimchukua dakika mbili na sekunde ishirini na nne, na alijua kwao mtoto wa hivyo hafiki popote. Alipokwenda Musoma kwenye mashindano ya mkoa alikwenda akinung'unika. Akamaliza mita mia nane kwa dakika mbili na sekunde kumi na tatu. Mwenye saa aliitikisa saa yake, akauliza, "Huyu amekata kona?"

Mwalimu Gasto hakulala vizuri wiki ile. Jumamosi akaenda na tepu, akapima uwanja wetu kwa magoti. Mzunguko mmoja ulikuwa mita mia nne thelathini na mbili. Ofisi ya walimu ikalipuka kwa kicheko. "Mwalimu wa Hisabati hajui mia nne!" Hata watu wa sokoni Mugumu walimtania.

Sasa nawaambia, na mkome kucheka. Jioni ile ya 1999 aliponiachia kamba, fahali wangu alitumbukia kwenye shimo la choo tulilokuwa tunachimba. Nikachukua kamba ya mwalimu. Wanaume kumi na wawili wakavuta mpaka fahali akatoka. Kamba ikavutika, ikawa ndefu kuliko ilivyokuwa, mimi nikaikunja nikairudisha mahali pake kimya. Baada ya kicheko kile nikamfuata mwalimu nikamweleza. Akaniuliza, "Mama Waitara, fahali alipona?" Nikasema alipona. Akasema, "Basi yaishe." Miaka yote hii amebeba kosa langu, wala hajawahi kunitaja.

Alitaka kuupima uwanja upya. Rani akakataa, akasimama kwenye mstari wa majivu: "Mwalimu, usiuguse." Ukabaki hivyo.

Rani alirudi Norwe akiwa na miaka kumi na saba. Baridi ya kwanza ilimshinda, akamwandikia mwalimu kwamba anaacha mbio. Jibu nililipeleka mimi posta Mugumu, na mwalimu alinisomea kwanza: "Umekimbia mita sitini na nne za bure kila siku kwa miaka mitatu. Wenzako hawana hizo. Endelea." Akaendelea. Akaingia timu ya vijana ya nchi yake, akahamia mita elfu moja na mia tano, na mwaka jana akakimbia fainali ya Ulaya, akawa wa nne. Tulimwangalia kwenye simu ya Lukmani muuza duka, watu kumi na tisa, vichwa juu ya vichwa. Sisi tunapiga vigelegele, Mwalimu Gasto anasema, "Amechelewa kutoka kwenye kona ya mwisho." Akaenda kusahihisha mitihani.

Baada ya Rani alikuwepo Precious, naye alikuwa na mbio. Mwalimu akaugua goti muhula mmoja, mmoja tu, na hakuna kati yenu aliyeshika saa. Precious sasa anauza chapati Nyamongo. Chapati si vibaya, lakini hakuzichagua yeye. Na Ghati huyu, kwenye uwanja huo huo mrefu, anamzidi Rani wa wakati ule kwa sekunde mbili. Mwalimu amewaandikia barua tatu akiomba msaidizi. Mkajibu, "Tutaangalia." Mmeangalia nini?

Mwalimu Gasto, asante. Nenda Bukoba ukakae juani, ulikande goti lako kwa mafuta ya moto, ulale mpaka jua lichomoze kama watu wengine. Mungu akupe siku nyingi zisizo na kengele.

Mwalimu Veronika, wewe ulikimbia chuoni, picha ulinionyesha mwenyewe. Pilau ya sherehe ninayo mimi na mwiko ninao mimi. Hakuna sahani itakayotoka jikoni mpaka jina lako liwe kwenye fomu ile. Inuka, ukaandike.