Verlin Oltmans, Aliyehesabu Majeraha ya Vijana Wetu

Ndugu waombolezaji, familia imetutuma tuwasomee safari ya Verlin Oltmans, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika shamba la mahindi la wazazi wake nje ya mji wetu wa Tobin Creek, Nebraska, akasoma hapahapa hadi sekondari, kisha chuo mjini Lincoln, akarudi Agosti 1975 kuwa mtabibu wa wanamichezo wa sekondari yetu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane.

Tarehe 12 Juni 1977 alifunga ndoa na LaVonne, wakajaliwa binti mmoja, Janelle.

Mwaka 1988 alikubali kazi waliyoikwepa wenzake, ya kuandika majeraha ya wachezaji wa futiboli ya Kimarekani na kuwapelekea watafiti wa majeraha ya michezo fomu kila Jumatatu, na kanuni ilikuwa kwamba jeraha lisilomkosesha kijana walau siku moja ya mazoezi halihesabiwi. Jumanne, tarehe 4 Oktoba 1994, Dwight Svehla, mwenye miaka kumi na sita, aligongwa kichwani, kesho yake akaja mazoezini akicheka, na Verlin, mtu wa kufuata kanuni, hakuandika kitu wala hakumzuia kucheza, Ijumaa kijana akagongwa tena kwenye mechi, na tangu hapo Dwight hajatembea wala kusema neno likaeleweka.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akawa anaandika kila kitu, hata kizunguzungu cha dakika mbili, na kuwaweka vijana benchi hata kwenye fainali, mpaka kocha akamfokea mbele ya watu, "Wewe Bwana Daftari, utatumalizia timu!", na jina likamganda. Tuseme ukweli, tulimtenga. Kwenye chakula cha Ijumaa kabla ya mechi alikula maharage yake na andazi la mdalasini peke yake, LaVonne naye akachoka kuishi na mtu asiyecheka, wakaachana mwaka 1999, Janelle akahamia Oregon na mama yake.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki Alhamisi, tarehe 15 Februari 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliomwondolea theluji mlangoni. Shukrani za pekee ni kwa Bi Arlene, mama yake Dwight, aliyemfungulia Verlin mlango kila Jumapili saa nane mchana, miaka ishirini na tisa, aje kumlisha mwanawe na kumsomea matokeo ya mechi, hata siku ambazo saratani ilimtapisha njiani. Bi Arlene anasema juzi Jumapili Dwight alitazama mlango mpaka giza likaingia, akakataa chakula.

Lala kwa amani, Verlin, Jumapili hii tutakwenda sisi.