Sauti ya Mke wa Dobi

Nje ya duka la Fundi wa redio palikuwa na benchi lililochezacheza, na waliolizoea walijua pa kuegemea. Asubuhi ile birika la kahawa lilikuwa limejaa, na Fundi alikuwa akingoja sifa. Jana yake alikuwa amemrudishia Dobi amplifaya iliyokuwa ikikoroma kama mtu mwenye mafua. Sasa Dobi alikuja ameikumbatia kifuani, akaiweka benchini taratibu.

— Fundi, kazi umefanya. Ila mke wangu hayumo.

Kinyozi na Besi, waliokuwa wakinywa kahawa benchini, wakageuka. Mke wa Dobi alifariki mwaka uliopita, akaacha kaseti moja aliyojirekodi akiimba huku anapiga pasi. Dobi aliisikiliza kila Ijumaa.

— Hayumo vipi? aliuliza Fundi. Kaseti si ile ile?

— Ile ile. Lakini sauti imekuwa kali. Yake ilikuwa ya mviringo.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

— Ni masikio tu, shemeji. Mashine ya kunyolea imeshaniharibia sikio la kulia. Mke wangu akinigombeza upande huo, nadhani ananibembeleza.

— Acha hizo! alidakia Besi, aliyewahi kupiga muziki maharusini. Amplifaya inamzoea mwenyewe. Ukiifungua, inasahau. Mimi yangu ilikuwa hailii vizuri mpaka nivue viatu.

— Ukivua, watu wanakimbia, alijibu Kinyozi. Ukumbi mtupu lazima usikike vizuri!

Walicheka, isipokuwa Dobi. Fundi naye hakucheka sana. Lile neno “hayumo” lilikuwa limemuudhi. Alibadilisha vipuri vilivyovimba kwa uangalifu wote, na sasa anaambiwa amemfukuza marehemu.

Akaingia dukani, akatoka na amplifaya kuukuu iliyofanana na ya Dobi. Akazipanga zote mbili, akaipokea kaseti kwa Dobi na kuitia kwenye redio, akazifunika amplifaya kwa shuka, akaingiza mkono chini yake.

— Sikilizeni. Hii ni kuukuu.

Sauti ya mwanamke ikaimba polepole, pasi ikigonga meza. Swichi ikalia tap.

— Na hii ndiyo niliyotengeneza.

— Ya kwanza! Dobi alisema, macho yamelowa. Ya kwanza ndiye yeye.

— Ya pili ina bati ndani, aliongeza Besi.

— Hata kwa sikio langu bovu, Kinyozi akakubali.

Fundi akafunua shuka. Waya wa spika ulikuwa umechomekwa kwenye amplifaya moja tu, ile ya Dobi.

— Sikubadilisha kitu. Nilibofya swichi isiyo na kazi.

Besi akajifanya anatafuta sukari. Fundi alitegemea ushindi ule umfurahishe, lakini Dobi alimtazama kama mtu aliyepotea njia.

— Lakini nilisikia, Fundi. Au nimeanza kurukwa na akili?

— Hapana, kaka. Umesikia kweli. Waya wangu unaishia kwenye spika. Kuanzia hapo, mengine yanapita kwako, na huko bisibisi yangu haifiki.

Binti wa Dobi alikuwa amesimama nyuma yao tangu kaseti ilipoanza. Alikuja kuchukua ufunguo wa kibanda cha kufulia. Akawaamkia wote, kisha akauliza:

— Na mama mwenyewe, kabla hajaingia kwenye kaseti, sauti yake ilikuwaje?

Kinyozi alikuwa amesalimiana na mwanamke yule kila siku, lakini hakuikumbuka. Besi akakuna kidevu. Fundi akajaribu kukumbuka salamu moja tu, akaikuta ile pasi ya kwenye kaseti inayogonga meza.

Dobi, bila kumtazama yeyote, akaita kwa sauti nyembamba inayopanda mwishoni:

— Baba Nanii, weee! Shati la nani hili halina vifungo?

Binti akaziba mdomo, akicheka na kulia kwa pamoja.

— Unakaribia, baba. Ila yeye alikuwa hapigi kelele hivyo. Rudia.

Fundi akanyoosha mkono, akazima amplifaya. Dobi akarudia.