Mama Jezi Anaondoka Mashine Zikiunguruma

Leo, tarehe 30 Juni, Mama Jezi, msimamizi wa chumba chetu cha kushonea, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Nimeachiwa kuandika haya mimi niliyeingia juzi tu kutoka shuleni, kwa kuwa wakongwe wote walidai wamesahau miwani nyumbani.

Mama Jezi alianza kwa kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye jezi za wenzake. Akapanda hadi kwenye cherehani, kisha meza ya kukatia, kisha akakabidhiwa chumba kizima. Sheria yake haijabadilika: jezi haitoki mpaka mshonaji aivae na kukimbia nayo uani, mikono juu kama aliyefunga bao. Majirani hudhani kiwanda hiki hakijawahi kufungwa. Mgeni akiona haya, Mama Jezi humtangulia kukimbia, na akina dada wa meza ya pasi hupiga vigelegele mpaka aibu imtoke.

Miaka miwili iliyopita, uani palikuwa kimya. Ligi ilisimamishwa kwa ugomvi wa viongozi, na hapo ndipo watu walipojua mpira unalisha midomo mingapi. Muuza maji wa nje ya uwanja alibaki na ndoo zake. Mchora mabango akahamia kupaka rangi mageti, mabasi ya mashabiki yakalala gereji, na vijana waliokuwa wakishinda mazoezini wakawa wanashinda vibarazani, wakitafuta la kufanya na wasilipende walilolipata. Kwetu, mkurugenzi alitangaza kwamba ligi isiporudi mwaka ule, chumba cha kushonea kitafungwa.

Mama Jezi alikuwa tayari ametimiza umri wa kustaafu. Akagoma. Alimjibu mkurugenzi kwamba mgonjwa mahututi haagwi. Yeye ataondoka siku mashine zitakapokuwa zinapiga kelele. Yeye na washonaji wake wakashona mapazia wakingoja ligi, wamenuna.

Ligi iliporudi, furaha iliwatia kiwewe. Siku ya mechi ya kwanza, timu ya mji ilitoka na jezi mbili zenye namba tisa, na sita haikuonekana popote. Mwamuzi akakataa kuanzisha mpira. Mkurugenzi alitamani ardhi immeze. Mama Jezi aliteremka jukwaani na mkasi na sindano, akamkalisha beki kwenye benchi, akafumua ile tisa, akaigeuza na kuishona upya, uwanja mzima ukipiga makofi kila sindano ilipozama. Beki aliuliza kama itashika. Akaambiwa uzi hauna neno, wasiwasi ni miguu yake.

Wenzangu walirudi wakiamini kazi imekwenda na maji. Kesho yake kocha alibisha hodi akitaka jezi za msimu mzima, pamoja na za timu ya wasichana. Alisema kiwanda cha ng'ambo hakiwezi kushuka uwanjani na sindano.

Kwa oda hizo tumeongezewa cherehani, na moja ndiyo ninayoshonea mimi. Ahsante, Mama, kwa kukataa kuondoka mapema. Utuwie radhi hotuba yako isiposikika vizuri leo: tumekubaliana kutozima hata mashine moja. Tunakuombea afya njema na usingizi mtamu wa asubuhi. Ila kabla hujatoka getini, pitia uani mara moja, mikono juu. Safari hii sisi tutakutangulia.