Msumari katikati ya bobini

Tangu basi lipite rond-point, ule mzunguko wa barabara, kona ya kisanduku cha spika alichokipakata ilikuwa inamchoma Joyeuse pajani. Jeancy, fundi wa kanisa lao aliyekiunda, hakuwa na habari. Alikuwa anagombana na muzee wasiyemjua.

"Umepigilia bobini musumari wa chuma!" Muzee alifoka akichungulia kwa nyuma ile koili ya waya iliyokuwa ndani. "Chuma kinaharibu kipimo chake. Sauti nzito na nyembamba hazitagawanyika vizuri. Ungeifunga na kamba!"

"Kamba ilikatika, muzee. Hii barabara ya Munigi ni mawe ya volkano matupu."

"Basi kwaya itaimba kama watu wenye mafua."

"Afadhali mafua kuliko ububu! Arusi ni leo!"

Joyeuse ndiye angeanzisha wimbo kwenye arusi hiyo, lakini nani alimwuliza?

"Fundi wa kweli anaheshimu sauti," muzee akasema.

Hapo Jeancy akachomoa koleo mfukoni, akaung'oa msumari. "Haya! Furahi, papa!"

Basi likaruka shimo. Kitu kizito kikadondoka ndani ya kisanduku, kikabingirika, kikanyamaza. Wanaume wawili wakatazamana.

"Munigi!" konda akaita, basi likasimama.

Joyeuse akakohoa kidogo, akaanza kulainisha koo lake mwenyewe.