Mwalimu Kassian Luambano na Kaburi Aliloliombea Ruhusa

Mwalimu Kassian Luambano alizaliwa tarehe 14 Septemba 1953 katika kijiji cha Maposeni, karibu na Peramiho, wilaya ya Songea, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Otmar Luambano na mama Kolumba. Hilo halina mgogoro, ndiyo maana tumeanza nalo. Yanayofuata, komiti ya msiba iliomba yafupishwe, na aya mbili iliomba zifutwe kabisa kwenye kitabu cha ibada. Hazikufutwa. Mdogo wake marehemu, Ephrasia, anayeusoma wasifu huu, alitoka Songea mwezi wa nane kuja kumuuguza kaka yake. Hakuja kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Asiyetaka kusikia, nje kuna viti.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1961 katika shule ya misheni, Peramiho. Akiwa darasa la tano, mwalimu aliandika ubaoni kwamba Wajerumani walileta amani Ungoni. Kassian akanyoosha mkono akauliza, "Walimletea nani?" Alichapwa viboko vinne, akarudi nyumbani anatembea upande. Bibi yao alikuwa bado hai. Bibi huyo alizaliwa kwenye njaa iliyofuata vita vya Maji Maji, na baba yake alikuwa mmoja wa walionyongwa Songea mwezi Februari 1906 na kutupwa shimo moja na wenzao. Jioni ile bibi alimkanda mjukuu wake kwa maji ya moto, akamwambia asiache kuuliza, ila siku nyingine akae karibu na mlango.

Alisoma sekondari Songea, akaingia Chuo cha Ualimu Chang'ombe, akahitimu mwaka 1976. Alifundisha historia Songea na Njombe kwa miaka kumi na sita. Agosti 1993 alikuja hapa Saint Paul, Marekani, kusomea shahada ya pili, na utafiti wake ulihusu walowezi wa kwanza wa Minnesota na watu waliowakuta. Alitegemea kusoma habari za wageni. Badala yake alikuta habari za kwao. Alikuta mikataba iliyotiwa sahihi watu wakiwa na njaa, vita vya mwaka 1862, na Wadakota, wenyeji wa ardhi hii, thelathini na wanane walionyongwa siku moja kule Mankato, siku iliyofuata Krismasi, umati ukiangalia. Kitabu kimoja cha zamani kilisema ardhi hii ilikuwa tupu. Pembeni aliandika kwa penseli, "Tupu kama Songea."

Alihitimu mwaka 1995. Shahada ya Mwalimu ikawa haina kazi hapa, kama za wengi wenu mliomo humu, naye akaenda kuogesha wazee katika nyumba moja ya kulelea, Hopkins. Hakuona aibu. Kilichomshinda ni milango. Wafanyakazi wa pale walikuwa wanagonga huku wameshaingia, mzee wa watu yuko uchi. Kassian alibisha hodi, akasimama, akangoja ajibiwe. Msimamizi wake alimwandikia barua mbili za onyo kwamba anachelewesha kazi. Ndani ya chumba kimoja alikuwamo bibi wa Kidakota, Margaret, aliyekuwa amegoma kuguswa na mtu yeyote. Siku ya kwanza alimjibu Kassian hapana, na Kassian akaondoka. Siku ya pili hapana, akaondoka tena. Siku ya tatu Margaret alimuuliza kwa ukali kama kwao watu wote ni wazito namna hii au ni yeye tu. Kassian akasema kwao mtu haingii ndani kabla hajajibiwa, hata kama nyumba ni ya nyasi. Margaret akamwambia aingie.

Walikuwa marafiki kwa miaka kumi na minne, hadi Margaret alipofariki mwaka 2010. Walitaniana bila huruma. Siku moja Kassian alimfasiria methali yetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Margaret akasema wao waliwapa wageni jembe, na wenyeji ndio waliozikwa nalo. Ni yeye aliyemwambia kwamba mama wa bibi yake alikuwa mtoto mdogo katika kambi ya wafungwa iliyokuwa chini ya ngome ya jeshi, pale mito miwili inapokutana, ambako Wadakota wapatao elfu moja na mia sita, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walifungiwa majira ya baridi baada ya vita. Mamia walikufa. Waliobaki walipakiwa kwenye mashua wakafukuzwa kwenye nchi yao wenyewe.

Tarehe 8 Juni 1996 Kassian alifunga ndoa na Kendi, muuguzi wa zamu yake, binti wa Meru, Kenya. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na huko Maposeni tulishamkatia tamaa. Kendi alipenda kusimulia kwamba Mwalimu alimposa kwa kumletea ugali kazini wiki nne mfululizo, na ugali wenyewe ulikuwa mbichi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Noela, aliyezaliwa mwaka 1998. Kwa Kendi ndiko Kassian alikopata pia shemeji, bwana Griffins, ambaye leo ni mwenyekiti wa komiti ya msiba na amekaa pale mbele.

Hii sasa ni aya ya kwanza iliyoombwa ifutwe. Julai 2008 umoja wetu wa Waafrika Mashariki ulifanya pikiniki yake ya kila mwaka katika bustani iliyopo leo mahali pale pale pa kambi, chini ya ngome. Mbuzi walikuwa kwenye moto, muziki juu, watoto wanakimbizana. Kassian alizima muziki. Alisema mahali hapa watoto walikufa kwa surua na baridi, na sisi tunapachomea nyama, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kwa nani. Griffins akamwambia, "Mwalimu, hii ni pikiniki, si klasi. Watoto wanakula."

"Na wao walikuwa watoto," Kassian akasema.

"Mimi makaratasi nilipewa na serikali. Sikuibia mtu."

"Wewe ni mgeni wa mwizi, shemeji. Amekukaribisha vizuri, amekupa na kiti. Mwenye nyumba hajui kama umefika."

Palichafuka. Yuko mtu alimrushia sahani, naye yumo humu, anajijua. Jina la Kassian lilifutwa kwenye orodha ya umoja. Walimwita mchawi, wakasema ametia nuksi. Kwa miaka kumi na saba mlifanya arusi, ubatizo na misiba bila kumwita, na alipougua hamkukanyaga kwake. Ephrasia alikuta mashada matatu ya maua mlangoni siku mbili baada ya kifo, na akayaweka nje yakalale kwenye theluji ya mapema. Leo mmevaa meusi na kulia kwa sauti. Kilio chenu amekisikia Mungu, na yeye ndiye wa kuamua kama ni kilio.

Kendi alifariki tarehe 3 Machi 2017 kwa saratani, akazikwa Bloomington. Kando yake paliachwa nafasi ya mume wake. Hilo Griffins alilisimamia mwenyewe, na katika hilo hana lawama. Kassian alihama Hopkins akaenda kukaa mtaa wa Phillips na Noela, jirani na wajukuu wa Margaret. Mwaka 2022 figo zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Noela alimpeleka kila mara kabla ya kwenda kazini.

Hii ndiyo aya ya pili. Mwishoni mwa Septemba mwaka huu Kassian alimwita binti yake na mdogo wake kitandani. Alisema mama Noela walimzika bila kuuliza, kwa sababu yeye alikuwa na kilio na akili haikuwapo, na jambo hilo lilimtafuna miaka minane. Kisha akawaambia: safari hii waulizeni wenye ardhi. Wakisema ndiyo, nilazeni kando ya Kendi. Wakisema hapana, nirudisheni Maposeni. Noela alilia, akamuuliza kwa Kiingereza chake kama anajua anachokisema, kwamba mama atabaki peke yake na yeye Noela hatakuwa na kaburi la baba la kwenda. Kassian akasema anajua. Alikata roho tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili.

Komiti ilisema hayo ni mambo ya mizimu. Griffins aliuliza Wadakota wana ofisi gani ya kwenda kupanga foleni. Ephrasia akamjibu kwamba miaka mia na sitini wote mmeuliza swali hilo hilo, ndiyo maana hamjawahi kufika. Noela hakubishana na mtu. Alikwenda kwa Lenny, mjukuu wa Margaret, anayetengeneza magari Phillips, na Ephrasia akafuatana naye. Noela alichukua tumbaku, kwa kuwa baba yake alimfundisha kwamba Wadakota huombwa kwa tumbaku. Ephrasia alichukua kilo ya sukari, kwa kuwa kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu.

Walibisha, wakangoja, wakakaribishwa. Noela aliweka tumbaku mezani akasema shida yake. Lenny aliiangalia muda mrefu bila kuigusa. Sukari aliipokea, akashukuru, akatia kwenye kahawa ya wote watatu.

"Nikiichukua hii, nimekubali," akasema. "Bibi alimpenda mzee wako. Angekuwa hai angesema ndiyo, na mimi ningenyamaza. Lakini hayupo, mmeniuliza mimi. Mimi sisemi kwa niaba ya Wadakota wote, nasema kwa nyumba hii. Wote waliolala ardhi ile hawakutuuliza. Huyu ameuliza, basi nampa jibu la kweli. Ni hapana."

Noela akasema mama yake tayari yuko pale.

"Mama yako simgusi. Alale. Lakini ndiyo sina. Nimetafuta tangu ulipokaa hapo na sijaiona."

Hakuomba radhi, wala sauti hakupandisha. Aliwasindikiza hadi kwenye gari, akamrudishia Noela tumbaku yake mkononi. Noela aliendesha hadi kwenye taa za barabarani, akasimama, zikawaka kijani, akashindwa kuondoka. Magari yalipiga honi nyuma. Ephrasia hajui kuendesha.

Jioni komiti ilikaa kwa Griffins. Noela alitoa jibu kama alivyopewa. Griffins akasema kitu ambacho wengi wenu mlikiitikia kwa kichwa. "Tuseme amekubali. Ni nani atajua? Lenny hatakuja kupima kaburi." Ephrasia aliinuka ampige kofi, akaona machozi yanamtoka yule mwanamume, akakaa. Griffins akasema, "Dada yangu atalala peke yake, Noela. Mama yako. Kwa sababu ya maneno ya fundi magari?"

Noela tangu utotoni huulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza. Safari hii alijibu kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, polepole. "Anko, kama ilikuwa ni lazima aseme ndiyo, mimi nilitumwa kufanya nini?"

 Kwa hiyo hapa leo hatuziki, tunaaga. Mwili unaondoka Jumanne, utapokewa Songea Ijumaa, na mazishi yatakuwa Maposeni. Walowezi waliambiwa hapana mara nyingi, kwa maneno, kwa mikataba na kwa vita, na hakuna hata mmoja aliyefunga mizigo. Kassian Luambano ameambiwa mara moja, amekwisha kufa, na anaondoka.

Marehemu ameacha binti mmoja, Noela, ambaye atarudi kutoka Maposeni mwezi wa kumi na mbili na kuendelea kwenda Bloomington kila Jumapili kumwona mama yake. Ameacha mdogo mmoja, Ephrasia. Ameacha shemeji mmoja, Griffins, aliyelipinga jambo hili hadi usiku wa jana, na asubuhi hii alikuja kabla ya watu wote, akabisha mlango wa Noela, akasimama nje kwenye baridi hadi alipofunguliwa, akaomba awe mmoja wa watakaolisindikiza jeneza hadi Maposeni. Noela alimwambia atafikiri. Bado anafikiri.

Kwaheri, kaka. Lala kwenu, upumzike kwa amani.