Hiranya Dangol, Aliyezifungia Chupa Nane Stoo

Kathmandu, 15 Julai 2024

Kwa Hiranya Dangol, msimamizi wa jiko la mikutano
Kutoka kwa Pabitra Maharjan, Masjala

Leo Jumatatu Hiranya Dangol anastaafu baada ya kuitumikia Sekretarieti yetu ya nchi nane jirani kwa miaka thelathini na minne na siku kumi na moja. Ana umri wa miaka hamsini na minane. Kazini amechelewa mara moja tu, siku mkewe alipojifungua binti yao wa pili, na hata siku hiyo alipiga simu kutoka hospitali kuuliza kama maziwa yameletwa.

Wengi wenu mnaujua ubao wa mapokezi, ule wenye majina ya rangi ya dhahabu ya kila mtumishi aliyetimiza miaka ishirini na mitano. Jina lake halimo. Mwezi uliopita aliambiwa kwamba linaweza kuandikwa kabla hajaondoka, akisaini karatasi moja ya kuomba radhi kwa jambo la mwaka 2010. Mhariri wa jarida hili naye ameniomba, kwa upole, nimwandike Hiranya bila kugusa jambo hilo. Nilijaribu jioni mbili. Kila nilipoliacha, mtu niliyekuwa namwandika akawa si yeye. Kwa hiyo naliandika, na mhariri akilikata nitabandika karatasi hii mlangoni mwa jiko.

Hiranya alizaliwa Kirtipur, mji wa kilimani jirani na hapa, kwa baba aliyelima koliflawa na vitunguu saumu. Aliajiriwa hapa Julai 1990 kuosha vyombo. Alikuwa akishuka kwa miguu, baadaye kwa baiskeli, na baadaye kwa pikipiki ndogo ambayo mpaka leo haiamini. Mwaka wa pili mpika chai aliugua mkutano ukiwa katikati, na Hiranya, ambaye alikuwa akimtazama mzee yule mikono tu kwa miezi yote hiyo, akashika birika. Hajaliachia tena.

Sisi tulio wadogo kwake tunamwita dai, yaani kaka. Wakurugenzi wamepita wengi, kila mmoja na tabia zake, na wote baada ya mwezi mmoja nao wakawa wanamwita dai.

Kumbukumbu rasmi zinasema maamuzi yetu hufanyika ukumbini. Kila aliyefanya kazi hapa zaidi ya mwaka anajua si kweli. Ukumbini wajumbe hukaa kwa alfabeti, ndiyo maana Maldivi na Nepal daima wako katikati ya India na Pakistan, na kila mmoja anasoma kile alichotumiwa na mji wake mkuu. Kazi yenyewe hufanyika nje, kwenye meza ya chai, katika zile dakika kumi na tano. Hiranya alilijua hilo kabla ya wanadiplomasia. Mezani aliweka bakuli moja tu la sukari na kijiko kimoja, ili anayetaka sukari amngoje mwenzake. Mhasibu mmoja mgeni alipoona foleni akanunua mabakuli sita. Hiranya alimshukuru sana, akayapandisha yote sita juu ya kabati, na yako huko hadi leo.

Mambo yaliharibika mwaka 2009, na yaliharibika kwa zawadi. Ubalozi mmoja ulituletea makasha ya chai, chai nzuri kweli, pamoja na kadi ya kusimamisha mezani inayosema imetoka nchi gani. Mkutano uliofuata, ujumbe wa Pakistan ulikataa kunywa mbele ya kadi ile, ukaja na chupa yake ya chai kutoka hotelini. India wakasema kama wale wana chupa, na sisi tutakuwa na yetu. Sri Lanka wakauliza mbona chai yao haina kadi, na Bangladesh wakauliza hivyohivyo, nao wakaleta makasha. China, jirani wa kaskazini ambaye kwetu ni mwangalizi tu, akatuletea mtambo wa kuchemshia maji, mkubwa kama kabati, wenye taa za buluu na bendera ubavuni. Sisi Wanepali, wenye nyumba, kazi yetu ikawa kusogeza viti ili zawadi zipite.

Ikafika mahali kila ujumbe una chupa yake na chumba chake cha kunywea. Mezani sukari ilikaa wiki nzima bila kuguswa. Nakumbuka mume wangu Keshar, ambaye wengi mlimfahamu kama mpishi msaidizi, akirudi nyumbani na kusema, "Leo dai amepika chai lita ishirini, tumekunywa mimi na yeye na mlinzi."

Aprili 2010 walikuja wataalamu wa mito. Swali lilikuwa moja: maji yakipanda katika nchi ya juu, nani ampigie nani wa nchi ya chini, na baada ya muda gani? Kwa Hiranya swali hilo halikuwa la makaratasi. Dada yake mkubwa aliolewa na mfanyabiashara ng'ambo ya mpaka, Supaul, upande wa India, na miaka miwili kabla mto ulimchukulia nyumba na ng'ombe wawili. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba maji yanakuja.

Siku mbili zilipita bila mjumbe kumsemesha mwenzake nje ya ukumbi. Asubuhi ya tatu, wajumbe wakiwa ndani na chupa zao zikiwa zimebaki vyumbani, Hiranya alimwambia Keshar, "Vaa aproni safi. Tunakwenda kukamata wahalifu." Wakazikusanya chupa zote nane, wakazifungia stoo ya viazi, na ufunguo Hiranya akautia ndani ya soksi. Kisha akafungua makasha yote ya zawadi, ya India, ya Sri Lanka, ya Bangladesh, akaongeza na chai yetu ya Ilam, akayachanganya yote katika birika moja kubwa pamoja na iliki, na maziwa kwa kipimo cha Pakistan. Kadi alizikunja, akaziweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

Kengele ya mapumziko ilipolia mimi nilikuwa nimeleta nakala, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

Afisa wa ujumbe wa India alitoka mbio. "Chupa yetu iko wapi?"

"Imelala stoo, mheshimiwa. Imechoka."

"Na yetu?" akauliza wa Pakistan.

"Iko palepale, ubavuni mwa ya India. Mpaka sasa hazijagombana."

"Wewe nani amekutuma?"

"Maji yamechemka, mheshimiwa. Hakuna mwingine."

"Hii chai ni ya nani?"

"Ya atakayewahi."

Maafisa wale vijana walikuwa bado wanaulizia chupa zao. Lakini wazee wawili walikuwa wameshawahi. Mmoja alikuwa mhandisi Hegde wa India, mwingine mhandisi Bhatti wa Pakistan, watu ambao walikuwa wametumia maisha yao yote kusoma vipimo vya maji kwenye nguzo, na kwa siku mbili walikuwa wakisomeana hotuba. Bhatti alionja.

"Maziwa kidogo," akasema.

"Kidogo?" Hegde akamgeukia. "Bwana, haya ni maziwa yaliyoonyeshwa majani ya chai kwa mbali."

"Nyie mnakunywa maji ya kuoshea sufuria, mtajua nini?"

"Nipe hiyo sukari na uache maneno."

"Ngoja zamu yako. Daktari wako anajua unaweka vijiko vitatu?"

"Wa kwako anajua?"

Wakacheka, na waliokuwa nyuma yao wakasogea. Walisimama pale dakika hamsini. Mwenyekiti alipiga kengele mara tatu, hakuna aliyegeuka. Alasiri ile waliandika, kwa kalamu ya Keshar, karatasi moja yenye majina na namba za simu za watu wanaokaa kwenye vipimo, mto kwa mto, ili wapigiane wao kwa wao. Mjumbe wa Maldivi naye aliandika namba yake. Walipomkumbusha kwamba kwao hakuna mto, akajibu, "Sina mto, lakini nina bahari. Nyote mkizidiwa, maji yanakuja kwangu."

Makubaliano rasmi hayakusainiwa. Miji mikuu ilikataa, kila mmoja kwa kumwogopa mwenzake. Lakini karatasi ya namba za simu haihitaji saini ya waziri. Nakala moja Hiranya aliibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe. Agosti ile dada yake aliwahamishia watoto na magodoro kwenye jengo la shule saa tano kabla maji hayajaingia uani. Simu ilitoka kwa nani ikamfikia nani, hatujui. Hiranya hakuwahi kuuliza.

Siku mbili baada ya mkutano zililetwa barua za malalamiko kutoka balozi mbili. Nilizipokea mimi masjala, na nilizisoma zote mbili. Zilifanana karibu neno kwa neno, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kwa pande hizo kukubaliana juu ya kitu. Uongozi wa wakati ule ukaogopa. Ulimwandikia Hiranya onyo kwa kudhalilisha ujumbe wa nchi wanachama, ukamtaka aombe radhi kwa maandishi.

Hakuomba. Hakupiga kelele wala kumtukana mtu, hakuandika tu. Kwa sababu hiyo hakupandishwa cheo tena. Wakuu watatu wa huduma wameteuliwa juu yake tangu siku hiyo, wote wadogo kwake, na wote watatu yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Wapo hapa leo na hawatanikanusha.

Sasa kuna jambo ambalo halimo katika jalada lake, na nimepata ruhusa ya kulisema kutoka kwa mtu ambaye hayupo. Uongozi ulipouliza nani alizibeba zile chupa, Hiranya alijibu, "Mimi peke yangu." Keshar wakati ule alikuwa kwa mkataba wa miezi sita. Angetajwa, angefukuzwa siku hiyohiyo, na sisi tulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja. Keshar alitaka kwenda kusema. Hiranya alimkamata mkono mlangoni mwa jiko, akamwambia, "Wewe katakata vitunguu. Barua moja inatosha jiko moja."

Keshar alifanya kazi pembeni yake miaka mingine kumi na mitatu. Alifariki Desemba iliyopita, kwa kifua, na siku za mwisho alikuwa akilirudia jambo hilo kwa sauti ndogo. "Waambie. Mimi nilibeba tano. Dai alibeba tatu." Basi nawaambia. Chupa zilikuwa nane, mume wangu alibeba tano, Hiranya alibeba tatu na lawama ya zote. Anayetaka kurekebisha kumbukumbu za ofisi aanzie hapo.

Karatasi ya mwezi uliopita nilitumwa kumpelekea mimi. Ilikuwa na mistari miwili tu. Alivaa miwani, akaisoma amesimama karibu na jiko la gesi, akaisoma tena.

"Bahini," aliniambia, dada mdogo, "hawa waliolalamika wako wapi siku hizi?"

Nikamwambia wamestaafu wote, na mmoja wao kila mwaka hututumia kadi ya sikukuu akiulizia habari za chai.

"Sasa radhi hii nimpelekee nani?"

"Ni kwa ajili ya ubao, dai. Wakuandike jina."

Alivua miwani. Najua aliutaka ubao ule. Binti zake wawili wamewahi kuja hapa siku ya familia, nikawaona wakitafuta jina la baba yao kutoka juu hadi chini, na yeye akajifanya anafunga kamba za viatu. Alitaka, na asiwadanganye mtu kwamba hakujali.

"Nikisaini," alisema, "nitakuwa nimesema wale wazee walikosea walipoongea pale mezani. Siwezi. Rudisha, waambie nimeisoma na nashukuru kwa karatasi nzuri." Akanikabidhi haijasainiwa, akaniuliza kama nimekula.

Nimeirudisha. Kwa hiyo ubao utabaki kama ulivyo, na Hiranya Dangol anaondoka leo bila dhahabu. Wapo watakaosema ni ukaidi wa mpika chai. Siku hizi nchi nane hazikutani kama zamani, wakubwa huitana wawili wawili, na barabara ya uwanja wa ndege hupambwa kwa mgeni huyu leo na kwa mshindani wake kesho. Nchi ndogo huambiwa ichague chupa ya nani itakunywa. Mtu mmoja katika jengo hili aliambiwa hivyo na hakuchagua, na miaka kumi na minne ya kunyimwa haikumbadilisha. Sijui sifa gani nyingine anaweza kupewa mtumishi wa ofisi ya ujirani.

Dai, ahsante kwa kazi. Ahsante kwa chai ya miaka yote hii, kwa wakuu uliowafundisha bila kinyongo, na kwa siku kumi na tatu za msiba wa Keshar ambazo hukukosa hata moja. Nenda Kirtipur ukapumzike. Shamba likupokee, miguu isikuume, na wajukuu wakuchoshe kwa heri. Sisi tunabaki, na tutajitahidi.

Utukumbuke. Na Keshar umkumbuke pia.